IPHICRATES, JEMADARI WA WARUSHA MIKUKI

1. Mwana wa Mshona Viatu

Hapo kale katika nchi ya Uyunani palikuwa na mji mkubwa uitwao Athene. Katika mji huo, karibu na mwaka 415 K.K., alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Iphicrates. Baba yake aliitwa Timotheus, na masimulizi ya kale husema ya kuwa kazi yake ilikuwa kushona viatu. Hakuwa na mali nyingi, wala hakutoka katika ukoo wenye sifa.

Siku zile mtu wa Athene aliyekwenda vitani hakupewa silaha na serikali, alijinunulia mwenyewe. Mwenye mali alivaa chapeo ya shaba, akashika ngao kubwa, akapata mahali pa heshima katika safu. Maskini walikwenda merikebuni kuvuta makasia, au walikwenda vitani na mawe na mikuki myepesi ya kurusha, nao walihesabiwa kuwa watu wa nyuma. Mji ukishinda, wenye ngao walisifiwa. Warusha mikuki hawakutajwa sana.

Iphicrates aliinuka kwa ushujaa wake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba katika vita vya baharini, merikebu mbili zilipokaribiana, alimkamata adui mwenye silaha zake zote, akamchukua akiwa hai mpaka katika merikebu yake. Kwa tendo hilo jina lake likajulikana, na alipokuwa bado kijana akafanywa jemadari. Lakini hakupewa kuwaongoza wale wenye ngao kubwa. Alipewa warusha mikuki.

2. Silaha Nzito na Silaha Nyepesi

Ili tufahamu mambo aliyoyatenda Iphicrates, yatupasa kwanza kujua jinsi Wayunani walivyopigana.

Askari mzito wa Uyunani alichukua ngao ya mviringo ya mti, iliyofunikwa kwa shaba. Upana wake ulikuwa karibu sentimeta 90, na uzito wake kilo 7 hivi. Aliivaa katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kuume alishika mkuki wa kuchoma, mrefu kupita kimo chake. Wengine walivaa pia dirii kifuani na mabamba ya shaba miguuni, mfano wa Goliathi tunayesoma habari zake katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Walisimama bega kwa bega, safu nyuma ya safu. Ngao ya kila mtu ilimkinga yeye mwenyewe, na sehemu yake ikamkinga jirani yake aliyesimama kushoto kwake.

Ukuta huo wa ngao ulikuwa na nguvu nyingi. Mwaka 490 K.K. Waajemi walishuka pwani ya Marathon pamoja na wapiga upinde wengi. Waathene, wapata 10,000, wakawaendea mbio kwa ngao zao, wakawashinda. Waathene waliokufa walikuwa 192 tu. Mishale haikuweza kuuvunja ukuta wa ngao, kwa sababu wenye ngao waliwafikia wapiga upinde upesi, na mpiga upinde akifikiwa na mtu mwenye mkuki na ngao hana la kufanya.

Walakini ukuta huo ulikuwa na kasoro zake. Kwanza, ulikwenda polepole, maana mtu aliyechukua mzigo wa shaba hawezi kukimbia mbali. Pili, upande wa kuume haukuwa na kinga ya kutosha, kwa kuwa ngao zote zilikuwa katika mikono ya kushoto. Tatu, nguvu yake ilikuwa katika kusimama pamoja. Mtu akitoka peke yake katika safu, ile ngao iliyokuwa kinga yake ilikuwa mzigo wake.

Sasa tumtazame mrusha mikuki. Askari wa namna hii walitoka kwanza katika nchi ya Thrace, kaskazini ya Uyunani. Ngao yake ilikuwa ndogo, ya fito zilizosukwa na kufunikwa kwa ngozi. Hakuwa na dirii. Alichukua mikuki kadhaa mifupi. Katika kila mkuki palizungushwa ukanda mwembamba wa ngozi, naye alitia vidole katika kitanzi cha ukanda ule. Mkuki ulipotoka mkononi ulizunguka hewani, ukaenda mbali zaidi, tena ukaenda sawasawa.

Mwaka 425 K.K., katika kisiwa cha Sphacteria, askari wazito 420 wa upande wa Sparta walizungukwa na Waathene wengi wenye pinde, mawe na mikuki ya kurusha. Hawakuweza kuwafikia adui zao. Mwisho wale 292 waliobaki wakajitoa wawe mateka, na Wayunani wote wakastaajabu. Lakini mtu aliweza kusema kwamba kisiwani hapana pa kukimbilia, na ya kuwa adui walikuwa wengi mno. Haikuonekana bado kwamba warusha mikuki waweza kukishinda kikosi cha Sparta mahali pa wazi, penye njia.

3. Mazoezi ya Korintho

Mwaka 395 K.K. vita viliondoka. Athene, Thebe, Argos na Korintho walikuwa upande mmoja, na Sparta upande wa pili. Watu wa Sparta ndio waliokuwa askari wazito walio bora katika Uyunani yote. Walifundishwa vita tangu utoto wao, nao walijua kuishika safu kuliko wengine wote.

Iphicrates akatumwa Korintho pamoja na warusha mikuki wake. Wengi wao walikuwa watu wa mshahara, waliotoka katika nchi mbalimbali, wala hawakuwa na jina. Yeye akawafundisha bila kuchoka. Kusonga mbele, kurusha, kugeuka, kukimbia pamoja, kisha kugeuka tena na kurusha: hayo waliyafanya mara nyingi hata yakawa kama desturi ya mwili. Inasimuliwa kwamba aliwafanyia mavizio ya uongo na makelele ya hofu ya uongo, ili siku ya hofu yenyewe isiwe jambo geni kwao.

Baada ya muda mfupi askari wazito wa Arcadia, waliokuwa rafiki za Sparta, waliwaogopa warusha mikuki hawa hata hawakuthubutu kutoka kupigana nao. Watu wa Sparta wakawacheka, wakawafananisha na watoto wadogo wanaoogopa zimwi.

Wala Wasparta hawakucheka bila sababu. Siku moja warusha mikuki waliwasogelea vijana wa Sparta, na vijana wale wakatoka mbio wakawakamata wengine wao, wakawaua, ingawa walianza kuwafukuza kutoka mbali. Tangu hapo warusha mikuki waliwaogopa Wasparta, wasiwakaribie. Basi ilionekana kwamba mkuki wa kurusha watosha kwa watu wa Arcadia, lakini kwa Wasparta hautoshi. Iphicrates akaendelea kuwafundisha watu wake, akingoja siku yake.

4. Siku ya Lechaeum

Siku hiyo ikafika mwaka 390 K.K. Agesilaus, mfalme wa Sparta, alikuwa karibu na Korintho pamoja na jeshi lake, akiteka watu na mifugo. Katika bandari ya Korintho iitwayo Lechaeum alikuwa ameweka kikosi cha askari wazito 600 hivi, pamoja na wapanda farasi.

Palikuwa na desturi kwamba watu wa Amyclae, mji ulio chini ya Sparta, warudi kwao kila mwaka kwa sikukuu ya kumwimbia mungu wao Apollo, hata wakiwa vitani. Siku zilipokaribia, mkuu wa kikosi cha Lechaeum akatoka na askari wazito na wapanda farasi kuwasindikiza. Njia ilipita karibu na kuta za Korintho. Wote walijua ya kuwa ndani ya mji wamo warusha mikuki wengi, lakini waliwadharau. Wakapita salama. Walipoukaribia mji wa Sicyon, mkuu yule akawaagiza wapanda farasi waendelee na wasafiri, kisha wamfuate. Yeye akageuka na askari wazito peke yao, akairudia njia ile ile.

Katika Korintho walikuwamo majemadari wawili wa Athene. Callias aliwaongoza askari wazito, na Iphicrates aliwaongoza warusha mikuki. Wakawaona Wasparta wakirudi, nao ni wachache, hawana wapanda farasi wala askari wepesi wa kuwalinda. Tena bahari ilikuwa upande wao wa kushoto, na Korintho upande wao wa kuume, yaani upande usio na ngao. Callias akawatoa watu wake, akawapanga mbele ya mji. Iphicrates akaenda mbele na warusha mikuki.

Mikuki ikaanza kuanguka. Wasparta wengine wakajeruhiwa, wengine wakafa. Mkuu wao akawaagiza watumishi waliochukua ngao wawabebe majeruhi mpaka Lechaeum; hao ndio waliookoka kwa hakika siku ile. Kisha akawaamuru askari vijana watoke mbio kuwafukuza adui. Wakatoka. Lakini warusha mikuki walikuwa wamefundishwa wasiwangoje. Wakakimbia kabla hawajafikiwa, wala hakuna hata mmoja aliyekamatwa. Vijana wa Sparta walipochoka wakaanza kurudi, nao sasa hawakuwa katika safu tena, bali wametawanyika, kila mtu kwa mbio zake. Hapo warusha mikuki wakageuka, wakawapiga tena, na wengine wakakimbia kando yao wakawapiga upande wa kuume. Katika mbio hizo za kwanza walianguka Wasparta tisa au kumi.

Mkuu akaamuru tena, safari hii kwa watu wengi zaidi. Wakafukuza, wakarudi, na wengi kuliko kwanza wakaanguka. Waliokufa ndio waliokuwa wenye mbio na mioyo mikuu, kwa maana hao ndio waliotangulia.

Walipokwisha kupoteza watu wao walio bora, wapanda farasi wakarudi. Hao wangaliweza kuwapata warusha mikuki, maana farasi humpita mtu. Lakini hawakuwafukuza mpaka mwisho. Walikwenda sawasawa na askari wa miguu, na hao walipogeuka, na wao wakageuka. Mambo yakawa yale yale, na kila mara Wasparta walipungua, na adui zao wakazidi kuwa hodari.

Mwisho wakasimama juu ya kilima kidogo karibu na bahari, umbali wa kilometa 3 hivi kutoka Lechaeum. Rafiki zao wa Lechaeum wakaja na mashua, wakasimama majini kukabili kilima. Wasparta walikuwa wakifa bila kuweza kumdhuru mtu. Ndipo walipowaona askari wazito wa Callias wakija, na mioyo yao ikavunjika. Wakakimbia, wengine wakajitupa baharini, na wachache wakaokoka pamoja na wapanda farasi. Katika mapigano yote na katika kukimbia walikufa watu 250 hivi.

Mfalme Agesilaus alikuwa ameketi kwa fahari yake akiwatazama mateka, na wajumbe wa Boeotia walikuwapo, waliokuja kutafuta amani. Mara akaja mpanda farasi, na farasi wake ametota kwa jasho. Mfalme alipokwisha sikia habari aliruka, akashika mkuki wake, akaondoka upesi. Lakini njiani akaambiwa kwamba maiti wamekwisha chukuliwa. Wale wajumbe nao hawakutaja tena habari ya amani.

Katika kambi ya Sparta palikuwa na huzuni kubwa, isipokuwa kwa wale ambao wana wao au baba zao au ndugu zao walikufa mahali walipopangwa. Hao, kwa desturi ya Sparta, walitembea na nyuso za furaha kama washindi. Lakini Agesilaus alipolirudisha jeshi nyumbani, aliingia katika miji usiku, akaondoka alfajiri, ili watu wasipate kuwatazama askari wake kwa dhihaka. Mji wa Mantinea aliupita gizani.

5. Sababu za Ushindi

Mtu akisikia habari hii aweza kusema kwamba mkuki wa kurusha una nguvu kuliko ngao ya shaba. Sivyo. Asubuhi ya siku ile ile Wasparta walipita karibu na Korintho pamoja na farasi zao, wala hakuna aliyewagusa. Iphicrates aliwaona wakati huo, akawaacha wapite. Alipowaona hawana wapanda farasi, ndipo alipotoka.

Tena mikuki peke yake haikuimaliza kazi. Iliwaua wachache wachache, ikawachosha, ikawakatisha tamaa. Lakini ilikuwa ni kuonekana kwa ngao za Callias kulikowavunja moyo. Warusha mikuki walipigana bila hofu kwa kuwa walijua ya kuwa nyuma yao wako watu wa kuwakinga. Silaha nzito na silaha nyepesi zilisaidiana.

Na jambo kubwa kuliko yote ni mafunzo. Kukimbia mbele ya adui ni rahisi. Kila mwoga aweza. Kukimbia kwa amri, kisha kugeuka kwa amri na kumrudia adui yule yule aliyekufukuza, hilo ni jambo gumu, wala halipatikani bila mazoezi ya siku nyingi.

6. Safari Zake za Baadaye

Baada ya ushindi huo Iphicrates alitumwa mahali pengi. Mwaka 388 K.K. alikuwa karibu na Abydos, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, pamoja na warusha mikuki wapata 1,200. Usiku akavuka bahari nyembamba, akajificha milimani. Anaxibius, mkuu wa Sparta, alirudi kwa njia ile bila kupeleleza, na watu wake wakashuka mlimani katika mstari mrefu na mwembamba. Iphicrates akangoja mpaka mbele wamefika bondeni na nyuma wangali juu, kisha akawatokea. Anaxibius alipoona hakuna wokovu alitwaa ngao yake, akapigana, akafa mahali pale.

Amani ilipofanyika, Iphicrates alikwenda Thrace, akamtumikia mfalme Cotys, akaoa katika nyumba yake. Mwana wa mshona viatu akawa mkwe wa mfalme.

Kisha alifika hata Afrika. Mwaka 373 K.K. Waajemi walitaka kuitwaa Misri, nao wakampa Iphicrates kuwaongoza askari wa Kiyunani waliokuwa pamoja nao. Wakashinda ngome moja penye mdomo wa mto Nili. Iphicrates akatoa shauri waende mara moja mpaka Memphis, mji mkuu, kabla haujapata walinzi. Pharnabazus, mkuu wa Waajemi, akakataa, akataka kwanza jeshi lote lifike. Kwa kukawia huko Wamisri wakapata nafasi ya kuulinda mji, maji ya Nili yakajaa, na Waajemi wakalazimika kurudi. Iphicrates akaogopa asije akatiwa lawama na kufungwa, akaondoka usiku, akaenda Athene.

Inaandikwa kwamba katika miaka hiyo alitengeneza upya silaha za watu wake. Alipunguza ngao, akarefusha mikuki ya kuchoma na panga, na mahali pa dirii ya shaba akaweka ya kitani. Pia aliwafanyia viatu vyepesi, rahisi kuvaa na kuvua, navyo viliitwa kwa jina lake. Hivyo kazi ya baba yake haikusahauliwa.

Karibu na mwaka 368 K.K. alikwenda Makedonia. Mfalme alikuwa amekufa, na mtu mmoja alitaka kuunyang'anya ufalme. Malkia Eurydice akamletea wanawe wadogo, Perdiccas na Philip, akimwomba awalinde. Iphicrates akamfukuza yule mnyang'anyi. Mtoto Philip akakua, akawa mfalme hodari, akawapa askari wake mikuki mirefu na ngao ndogo. Naye ndiye baba yake Alexander Mkuu.

7. Mwisho Wake

Katika uzee wake Iphicrates alipata taabu. Karibu na mwaka 356 K.K. alikwenda vitani na merikebu za Athene pamoja na majemadari wengine. Upepo ulivuma kwa nguvu, naye hakukubali kuwaingiza watu katika vita na dhoruba pamoja. Chares, jemadari mwenzake, akapigana peke yake, akashindwa, kisha akawashitaki wenzake kwa watu wa Athene. Iphicrates akasimama mbele ya waamuzi, akaachiliwa. Hakuongoza jeshi tena, na baada ya miaka michache, karibu na mwaka 353 K.K., akafa.

Maisha ya Iphicrates yalikuwa maisha ya vita, na vita ni msiba. Wale 250 waliokufa kando ya bahari walikuwa na wake na watoto, wala hatuwezi kuwafurahia. Lakini tukiuliza kilichowaua, si mikuki tu. Waliwaona watu wasio na shaba wala jina, wakawahesabu kuwa si kitu, wakawaaga wapanda farasi wao njiani. Wazee wetu walisema kweli kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Naye Iphicrates aliijua silaha yake: alijua iwezalo na lisiloliweza, akawafundisha watu walio wanyonge mpaka wakatenda kazi ambayo wenye nguvu walidhani haiwezekani.

Maswali

1. Kwa nini wapiga upinde wa Marathon walishindwa, na warusha mikuki wa Lechaeum wakashinda?
2. Taja kasoro tatu za ukuta wa ngao.
3. Kwa nini Iphicrates hakuwapiga Wasparta walipopita mara ya kwanza?
4. Wapanda farasi wa Sparta walikosa nini waliporudi?
5. Askari wa Callias walisaidia nini katika ushindi wa siku ile?